Mjadala: Eti "spidi haiui, anayeua ni dereva asiyejua kuendesha". Mimi napinga

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno, na juzi rafiki yangu mmoja kairudia tena, ni dereva mzuri tu hilo simnyimi, tulikuwa tunabishana kuhusu gari mpya zinazokuja na kifaa cha kumzuia dereva asipite spidi ya kibao. Yeye akasema spidi haiui, anayeua ni mtu asiyejua kuendesha, kwa hiyo wanaojua waachwe watembee. Nikamwambia hili naliweka mezani watu walijadili maana mimi siafiki hata kidogo na sababu ninazo, nyingine za hesabu na nyingine za maumivu.

Naanza na ya maumivu. Nilikuwa na uzoefu wa miaka 14 kwenye usukani, sijawahi hata kukwangua bampa la mtu. Siku hiyo nimeamka saa 11 alfajiri, tukaenda msibani, tukazika, tukageuza usiku huohuo kwa sababu kila mtu ana kazi kesho yake. Saa 5 usiku niko kwenye spidi 100, barabara nyeupe, najiona mzima kabisa. Gari ya mbele inakuja na taa kamili, hashushi, ikanipofua kama sekunde mbili hivi, na ilipopita tu nikaona mgongo wa lori limeharibika limeachwa nusu barabarani halina taa wala kiakisi. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukauma. Haikutosha. Mimi na mke wangu mbele tulikuwa na mikanda tukatoka na michubuko, shemeji yangu nyuma hakufunga, akaja na uso kwenye kiti changu akavunjika taya, miezi miwili anakunywa uji kwa mrija.

Sasa nielezeni, hapo nilikosa ujuzi gani? Usukani naujua, gari ilikuwa nzima, breki nzima, tairi mpya, na hata pombe situmii. Nilichokosa ni mita. Mtu ukiwa kwenye 100 gari inakula kama mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka tu kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 28 hizo zishaondoka, halafu kusimama kwenyewe kwenye lami kavu kunataka nyingine 50 na ushee, jumla kama 80 hivi. Na taa za chini za gari nyingi zinakuonyesha vizuri mita 40 mpaka 60. Yaani nilikuwa naendesha kuingia gizani nikiwa na uhakika hakuna kitu, na huo uhakika nilikuwa nimejitungia mwenyewe. Uzoefu wa miaka 14 ndio ulionipa ule utulivu wa kijinga, mgeni wa barabara pengine angeogopa akapunguza.

Tena kuna hilo la kuamka alfajiri, watu hulipita tu. Wataalamu walishapima hili, mtu aliyekaa macho saa 17 anakuwa mzito kama mtu mwenye pombe kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kuna nchi nyingi kiwango hicho tayari ni kosa la kisheria. Mimi nilikuwa kwenye saa ya 18 na nisingekubali mtu aniambie nimelewa. Kufungua kioo, kuongeza redio, kutafuna bazoka, vyote hivyo haviondoi usingizi, kinachousaidia mwili ni kupaki mahali salama ukalala hata dakika 20, au umpe mwingine usukani.

Turudi kwenye hesabu maana ndiyo iliyonigeuza. Chukua gari mbili zinafanana kila kitu, moja iko 50 nyingine iko 60, zinatembea sambamba, mtoto akakatiza mbele na madereva wote wawili wakamuona sekunde ileile. Ya 50 inasimama mbele ya mtoto, imemgusa au haijamgusa. Ya 60 ikifika pale pale iliposimama mwenzake bado inatembea kama 40 hivi. Kumi tu za ziada, lakini hazikuja kama kumi, zimekuja kama 40 kwenye mwili wa mtoto! Sababu ni kwamba nguvu ya mgongano haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa kipeo cha pili, ukiongeza spidi mara mbili nguvu inakuja mara nne. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani wanasema wastani wa spidi ukipanda asilimia 1 tu hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia 4, na mtembea kwa miguu akigongwa na gari iliyo kwenye 65 hatari ya kufa ni mara 4 na nusu kuliko akigongwa na iliyo kwenye 50. Hapo hakuna ujuzi wa dereva unaoingia, gari haijui kama aliyeshika usukani ana leseni ya miaka 30 au ya jana.

Najua wa kwanza kuja hapa atasema Ujerumani. Mbona Ujerumani watu wanatembea 200 na hawafi? Jamani tuisome Ujerumani vizuri. Zile barabara zao kuu za Autobahn hazina mtembea kwa miguu, hazina baiskeli, hazina makutano ya kukatiza, wanaokwenda na wanaorudi wametenganishwa na vyuma, na chombo kisichoweza kupita 60 hakiruhusiwi kuingia. Hata hivyo spidi inayoshauriwa ni 130, na ukiwa juu ya hapo ajali ikatokea mahakama inaweza kukubebesha sehemu ya lawama hata kama aliyekosea ni mwenzako. Na ukiangalia Wajerumani wanakofia zaidi si huko, zaidi ya nusu wanafia kwenye barabara za kawaida za nje ya miji, zile za njia moja kwenda moja kurudi na miti pembeni. Sasa unachukua spidi ya Autobahn unaileta kwenye barabara ambayo bibi anavuka na kuni kichwani, halafu unasema unajua kuendesha?

Wa pili atasema gari za siku hizi zina ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukibana breki) na eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga). Zinasaidia, sikatai. Ila ABS kazi yake kubwa ni kukuachia usukani ukiwa umebana breki, ukwepe, haifuti zile mita 28 za kushtuka. Na eabegi imetengenezwa ifanye kazi pamoja na mkanda, bila mkanda inaweza kukupiga yenyewe. Mkanda wa mbele peke yake unapunguza uwezekano wa kufa karibu nusu na wa nyuma nao unaokoa, ila nyuma hatufungi kwa sababu tunaona trafiki haangalii huko. Siku hizi kwangu gari haiwaki mpaka wa nyuma wote wamefunga, shemeji ndiye anakuwa wa kwanza kukagua.

Wa tatu ana hoja na huyu namuheshimu. Anasema wanaoenda polepole nao wanasababisha ajali. Ni kweli, mtu yuko kwenye 30 barabara ya 80, kaganda katikati, haoni vioo, nyuma yake foleni ya watu wamekasirika wanaanza kuovateki kwenye kona, huyo ni hatari na aambiwe. Ila angalieni nani anageuza hasira yake kuwa ajali pale, ni yule aliyeshindwa kusubiri dakika mbili. Hivi mmeshawahi kukaa mkapiga hesabu hizo haraka zinaokoa nini? Safari ya kilomita 30 ukienda 80 ni dakika 22 na nusu, ukienda 100 ni 18. Dakika nne na nusu, na hapo nimehesabu kama vile hakuna taa, hakuna tuta, hakuna lori mbele. Ukiweka na hivyo unakutana na yuleyule uliyemchomekea, mmesimama wote kwenye foleni mnatazamana.

Wa nne ni wa barabara mbovu, kwamba serikali zitengeneze barabara kwanza ndipo zije na vibao. Hapa nusu niko naye. Waswidi mwaka 1997 bunge lao lilipitisha msimamo kwamba binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lisigeuke kifo, wakatenganisha pande mbili kwa nyaya za chuma, wakashusha spidi kila gari zinapokutana na watu. Hiyo ndiyo njia na tuidai. Lakini mimi na wewe kesho asubuhi tunaendesha kwenye barabara iliyopo, siyo tunayoidai, na kama ni mbovu basi ndiyo inataka nafasi zaidi ya kukosea.

Nafasi ndiyo neno langu kwenye mjadala huu mzima. Udereva wa kujihami ninavyouelewa mimi baada ya lile lori ni kununua nafasi. Mwenye gari mbele yako akipita nguzo, hesabu taratibu moja, mbili, tatu, kama umefika kwenye nguzo kabla hujamaliza uko karibu mno, rudi nyuma, na mvua ikinyesha hesabu mara mbili ya hapo. Watu wanaogopa wakiacha nafasi mtu atachomekea, aache achomekee, rudi tena nyuma kidogo, hujapoteza kitu. Usiku usiende kwa spidi ambayo huwezi kusimama ndani ya pale taa zako zinapofika, ukipofushwa angalia mstari wa pembeni na utoe mguu kwenye mafuta hapohapo, usisubiri uone kwanza. Na simu, jamani simu! Kwenye 80 ukiinamisha macho sekunde tatu kusoma ujumbe umetembea mita 66 ukiwa kipofu, na kuongea kwa kutumia spika hakukuokoi sana maana utafiti wa Canada wa mwaka 1997 ulikuta wanaoongea na simu wako kwenye hatari ya kugonga mara nne hivi, na wasioishika mkononi hawakuwa na nafuu ya kuonekana. Akili ndiyo inakuwa imetoka kwenye gari, siyo mkono.

Sasa kile kifaa kilicholeta ubishi. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 kila gari mpya inayouzwa kwao lazima iwe nacho, kinasoma vibao kwa kamera na ramani kisha kinakuonya au kinapunguza nguvu, na ukikanyaga mafuta zaidi unakishinda. Rafiki yangu anaona ni kumdharau dereva. Mimi naona kama kingekuwepo kwangu ile usiku kisingenisaidia, kibao kilikuwa kinaruhusu, kosa lilikuwa kuendesha zaidi ya ninavyoona. Kwa hiyo siji hapa kuuza kifaa. Ila mitaani, kwenye 50 ambako watu wanatembea 70, ningekitaka kwenye kila gari kuanzia ya kwangu, na wenye hofu ya kunyang'anywa uhuru waniambie huo uhuru wanautumia kufanya nini mbele ya shule.

Na kuna watakaosema ajali haina kinga. Mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachowaua kuliko hicho. Msemo huo waliokwenda mazikoni wanaujua vizuri, nilikuwa nausema na mimi. Hospitalini usiku ule jirani wa kitanda alimwambia shemeji hivyohivyo, ajali haina kinga, na shemeji hawezi kuongea, akaomba kalamu akaandika "mkanda ulikuwepo".

Haya, wanaopinga karibuni. Wa Ujerumani na wa ABS nimeshawajibu hapo juu, naomba mje na jingine, hasa madereva wa malori na mabasi ya masafa marefu maana ninyi mna saa nyingi barabarani kuliko sisi wote na nataka kusikia bosi akikupangia muda usiowezekana unafanyaje.