Fedha za utafiti wa saratani ya mapafu: wanaoanza watengewe fungu lao, au andiko bora lishinde?

Mleta mada:
Wakuu, naomba hili tulijadili kwa hoja. Saratani ya mapafu inaua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Mwaka 2022 peke yake ilikadiriwa kuua watu milioni 1.8 duniani. Fedha za kuitafiti ni chache, na hizo chache zinagombewa na watu wasiolingana: huyu ndiyo kwanza amemaliza uzamivu, yule ana maabara ya miaka 30. Je, wanaoanza watengewe fungu lao, au andiko bora la maombi lishinde?

Mimi nasema watengewe. Mfuko wa wote huishia kwa mwenye jina. Robert Merton aliuita mwenendo huu "athari ya Mathayo" mwaka 1968: mwenye nacho huongezewa. Uchambuzi wa ruzuku za Uholanzi uliotoka 2018 uliwalinganisha waliopita kwa chupuchupu na waliokosa kwa chupuchupu, watu ambao alama zao karibu zifanane. Ndani ya miaka minane, waliopita walikuwa wamekusanya fedha zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Na mafungu yanawezekana, kwa sababu yapo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) zina ruzuku ya K99/R00 tangu 2006: hadi miaka miwili chini ya mlezi, kisha hadi mitatu ukijitegemea. Baraza la Utafiti la Ulaya lina ngazi tatu, yuro milioni 1.5 kwa anayeanza, milioni 2 kwa anayejiimarisha, milioni 2.5 kwa mkongwe, hivyo ni viwango vya juu vya kawaida. Mashirika ya IASLC na LUNGevity, ambayo kazi yao ni saratani hii hasa, nayo yana tuzo za wanaoanza.

Kinachokosekana ni ujasiri wa kuwagusa wakubwa. Mei 2017 NIH ilitangaza kikomo kwa kila mtafiti, sawa na ruzuku kubwa tatu hivi. Malalamiko yakawa mengi, na mwezi uliofuata, Juni, kikomo kikafutwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, nakuheshimu, ila mgonjwa haulizi umri wa mtafiti. Anauliza dawa iko wapi.

Tazama jaribio la NLST la Marekani: watu 53,454, na mwaka 2011 likaonyesha kwamba kuwapima wavutaji sigara wa muda mrefu kwa CT (picha za ndani ya mwili) ya mionzi midogo kunapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, ukilinganisha na eksirei ya kifua. Kijana mwenye ruzuku ya miaka mitatu angeanzia wapi? Au chukua KRAS, jeni ambayo ikibadilika huchochea saratani. Ilijulikana kwenye saratani za binadamu tangu 1982, ikasemwa haishikiki kwa dawa. Mwaka 2013 maabara ya Kevan Shokat, ambaye hakuwa chipukizi hata kidogo, ikapata mahali pa kuishika kwenye aina moja ya mabadiliko yake, G12C, na 2021 dawa ya sotorasib inayoilenga ikaidhinishwa Marekani. Ukimbana mkongwe ili kugawa sawa, unaweza kuwa umeikata kazi ya namna hiyo katikati.

Mchangiaji wa pili:
Na kura je? New Zealand, mwaka 2013, baraza lao la utafiti wa afya lilianza kutoa ruzuku ambapo maandiko yakishavuka kiwango, washindi walipatikana kwa bahati nasibu. Jina halikusaidia hapo.

Mleta mada:
Kura naiunga mkono kwa ruzuku ndogo za mawazo mapya. Kuhusu NLST na KRAS, ndugu yangu, umenisogeza. Sitetei tena umri. Natetea muda.

Nieleze. Anayetafiti jinsi uvimbe unavyoikwepa dawa hana budi kusubiri ugonjwa urudi. Kwenye jaribio lililoipeleka osimertinib kuwa dawa ya kuanzia kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR, nusu ya wagonjwa walikaa karibu miezi 19 au zaidi kabla ugonjwa haujasonga mbele. Ongeza mwaka wa vibali na kuandikisha wagonjwa. Ruzuku ya miaka mitatu inakwisha sampuli za kurudi kwa ugonjwa ndiyo kwanza zinaingia! Halafu ruzuku ya R35 ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, yenye miaka hadi saba, ikawekwa kwa ajili ya waliokwisha kujithibitisha. Anayehitaji kusubiri zaidi ndiye anayepewa muda mfupi.

Kwa hiyo fungu ninalolidai sasa ni la katikati, kati ya ruzuku ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo watu wanapotoka. Uchambuzi wa 2019 wa walioikosa ruzuku ya NIH kwa chupuchupu ulikuta zaidi ya mmoja kati ya kumi akitoweka kabisa kwenye mfumo huo, na waliobaki baadaye wakatoa kazi zenye uzito kuliko waliopita kwa chupuchupu.

Nina mwenzangu aliyetoka hivyo. Miaka minne alikusanya vipande vya uvimbe vya wagonjwa walewale, kabla ya dawa na baada ya dawa kushindwa. Andiko la pili likakosa kidogo. Sasa yuko kazi nyingine, na vile vipande viko kwenye friza bado, na wengi wa waliovitoa wameshafariki.

Mchangiaji wa kwanza, miaka mitano kwa mtu kama huyu ungeikataa?