Nachora ndege ya kivita isiyo na rubani ya mwaka 2091, lakini inaonekana kama kichezeo. Nakosea wapi?

Penseli ya Msamvu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchoraji wa katuni, ndege nazijua kwa kuzitazama zikipita juu ya Milima ya Uluguru, basi. Kuna hadithi ya picha naichora usiku nikishatoka kibaruani. Imefika ukurasa wa 14, na hapo imenasa.

Hadithi ni ya mwaka 2091. Visiwa viwili vya kubuni katika Bahari ya Hindi vinagombania mkondo wa meli, na kila kisiwa kina ndege za kivita zisizo na rubani. Ya kwetu inaitwa Kengewa. Picha imegoma kupanda, kwa hiyo naieleza: mwili mwembamba kama sindano, mabawa yameelekea mbele, mikia miwili mirefu, makombora 20 yananing'inia chini, na puani kuna kioo cheusi kinachong'aa. Inakwenda mara sita ya kasi ya sauti, inasimama angani kama helikopta, inakata kona papo hapo, na inakaa juu siku tatu. Anayeiongoza ni binti anaitwa Mwanaidi, yuko chumbani kisiwani na usukani mkononi.

Mdogo wangu wa kidato cha pili kaitazama mara moja tu akaniuliza, "Kaka, hii si ile ya kwenye boksi la biskuti?" Tangu juzi sijashika penseli. Nataka mtu anayezijua ndege akifika ukurasa huo asicheke. Nisaidieni, na matusi ya kiasi naruhusu.

Kiti cha Nyuma

Nimeshakaa pale nasubiri wajuzi. Ila makombora 20 mkuu, hiyo ni ndege au mwembe?

Chaki Nyeupe

Nafundisha fizikia, kwa hiyo mimi naanza na kona yako ya papo hapo.

Mara sita ya kasi ya sauti, huko juu kwenye hewa ya baridi, ni kama mita 1,770 kwa sekunde. Tuseme unaikunja kwa 9 g, yaani mara tisa ya mvutano wa dunia, ambacho ndicho kikomo cha rubani wa ndege za kivita hata akivaa suti ya kumbana miguu damu isimkimbie kichwani. Kanuni ni ileile ya mwendo wa duara: kasi kipeo cha pili, gawanya kwa mchapuko. Unapata nusukipenyo cha kilomita 35 na ushei. Yaani ili igeuke irudi ilikotoka inahitaji duara lenye upana wa kilomita 70, karibu umbali wa Dar hadi Unguja Mjini. Mpaka Kengewa amalize kona, adui ameshakunywa chai na vikombe vimeoshwa.

Utasema haina rubani, kwa hiyo ipite 9 g. Sawa, peleka 18. Bado nusukipenyo ni kilomita 17 na ushei, na sasa mabawa lazima yawe mazito maradufu yasivunjike. Lakini ishushe iwe chini kidogo tu ya kasi ya sauti, na kwa 9 g zilezile inageuka ndani ya nusukipenyo cha mita 800. Hapo ndipo mtu anaweza kuchora mapambano yakaingia kwenye ukurasa mmoja.

Joto sitalisemea sana. Kwa kasi ile hewa inayosongamana puani inaweza kupita nyuzi 1,000, na wewe puani umeweka kioo.

Spana Namba Kumi

Hicho kioo hata mimi kimenikera. Nani anachungulia? Nimefungua na kufunga ndege ndogo miaka kumi na moja, na nakwambia nusu ya kazi yetu ni ya binadamu aliyemo ndani: kiti, mkanda, oksijeni, joto, baridi, mlango usiovuja. Ukishamtoa rubani, vyote hivyo vinaondoka na uzito wake. Halafu wewe unamwachia dirisha!

Tafuta picha za X-47B ya Marekani, ile iliyotua yenyewe kwenye meli ya kubebea ndege Julai 2013. Tafuta nEUROn ya nchi za Ulaya iliyoruka Desemba 2012, na Taranis ya Waingereza iliyofuata 2013. Zote tatu mdomo wa injini uko juu, mgongoni, pale ambapo rubani angekaa. Sababu ni rada. Mapanga ya injini yanayozunguka yanarudisha mawimbi ya rada vizuri mno, kwa hiyo wanayaficha nyuma ya njia ya hewa iliyopinda, na mdomo wanaupeleka mgongoni ili aliye chini asiuone. Mkia hawakuweka kabisa. Silaha ziko tumboni nyuma ya milango, haining'inii hata moja. Ndege ikishakuwa tambarare hivyo inafanana na samaki taa aliyejilaza mchangani.

Bila mkia itageukaje kulia na kushoto? Zipo njia. B-2, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu isiyo na mkia, hupasua kibao kilicho mwishoni mwa bawa, nusu juu, nusu chini, bawa la upande huo likavutwa na upepo na pua ikafuata. Chora hicho kibao kikiwa kimefunguka kwenye picha moja tu, ya karibu. Mjuzi akikiona atakuamini kurasa kumi zijazo.

Kiti cha Nyuma

Spana katiririka hadi nimesahau ugali jikoni.

Mtaa wa Pili

Niko Nairobi, natengeneza michezo ya kompyuta. Jameni, mbona mnambana hivyo? Ni 2091, injini ya wakati huo nani anaijua?

Penseli, mambo ni haya: muujiza mmoja msomaji anakupa bure. Wa pili anakuangalia kwa jicho la pembeni. Wewe umeomba minne: kasi, kusimama angani, kona na siku tatu. Chagua mmoja, halafu ulipie. Kama ni injini inayosimamisha ndege angani, basi inywe mafuta kama matatu ya zamani, na Mwanaidi aitumie mara moja tu kwenye kitabu kizima.

Spana Namba Kumi

Hapo kwa mafuta amesema kweli. Kukaa angani na kukimbia ni maumbo mawili tofauti. Inayokaa ina mabawa marefu na membamba: ya Reaper, droni ya Marekani, yana mita 20 toka ncha hadi ncha, injini ya propela, na inakaa juu zaidi ya saa 20. Bayraktar TB2 ya Uturuki, mita 12, injini ya nguvu za farasi 100 tu, pungufu ya magari mengi mnayopanda, nayo inapita saa 20 ikitembea kama kilomita 130 kwa saa. Haina urembo wowote, lakini waulize Waazabajani na Waarmenia waliopigana Karabakh mwaka 2020. Inayokimbia mabawa yake ni mafupi na yamelala nyuma. Ukichora mabawa mafupi halafu ukaandika siku tatu, mimi nafunga kitabu.

Bint Shela

Kwanza hongera kwa jina. Bibi yangu alikuwa akisema kengewa kwa huyu wa kunyakua vifaranga, na siku hizi watoto hawalijui.

Mimi swali langu ni la nchi kavu: hao watu wa visiwa viwili vidogo, ndege yao inarukia wapi na kutua wapi? Uwanja wa ndege ndio kitu cha kwanza adui atakachokipiga. Umechora uwanja?

Penseli ya Msamvu

Dada, sikuchora. Inatokea tu juu mawinguni. Nimeona aibu sasa hivi.

Halafu nilitazama zile ndege za kupeleka damu Rwanda, zilizoanza 2016 pale Muhanga. Zinarushwa kwa manati na zikirudi zinadakwa kwa kamba mkiani. Nikadhani Kengewa idakwe hivyo juu ya meli.

Chaki Nyeupe

Wazo zuri, ila tupige hesabu kwanza. Ile ya Muhanga ina kilo kama 20 na inarudi kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kengewa tuipe tani tatu na kilomita 200 kwa saa. Nusu ya tungamo mara kasi kipeo cha pili: nishati ya kuizuia Kengewa ni mara 600 ya ile. Kamba itakuja na nguzo, na nguzo zitakuja na meli.

Spana Namba Kumi

Ipo njia ya tatu. Kuna ndege ya Marekani inaitwa XQ-58A Valkyrie, ilianza kuruka Machi 2019 huko Arizona. Urefu kama mita 9, mabawa kama mita 8. Haihitaji uwanja: inalazwa kwenye reli, roketi inaisukuma, ikimaliza kazi inafungua mwavuli na kushuka. Reli kama hiyo unaificha ndani ya kontena, na kontena likiwa kwenye meli ya mizigo nani atajua lipi lina vitunguu na lipi lina Kengewa?

Bint Shela

Mwavuli baharini! Sasa umefika kwetu. Ikishuka majini lazima watu waende na boti kuitoa, na hapo msimu una neno. Kaskazi ikitulia unaweza kuifuata hata kwa mashua. Kusi ikichachamaa mwezi wa saba, mawimbi yale, ndege ya tani tatu inayumba ubavuni mwa boti yako, mtu anapoteza vidole. Na maji ya chumvi mnayajua yanavyokula injini. Kwa hiyo vita vyako vina msimu, kama majahazi yalivyokuwa na msimu. Upande mmoja unasubiri kusi kwa sababu unajua mwenzake hataweza kuokota ndege zake.

Spana Namba Kumi

Bint Shela, hiyo nimeipenda mno. Na tazama: mdomo wa injini si tumeuweka mgongoni kwa ajili ya rada? Basi ikielea kwa tumbo, mdomo unabaki juu ya maji. Mpe kifuniko kinachojifunga mwavuli ukifunguka. Kitu kimoja kimefanya kazi mbili, ndivyo ndege za kweli zinavyokuwa.

Chaki Nyeupe

Tumemsahau Mwanaidi na usukani wake.

Akiiongoza kwa setilaiti iliyotuama juu ya ikweta, iko kilomita 35,786 kutoka chini. Picha ipande ishuke, amri ipande ishuke, ni karibu nusu sekunde. Kwa kasi ya chini kidogo ya sauti, ndege imeshasogea kama mita 130, zaidi ya uwanja wa mpira. Anachokiona kimeshapita.

Akitumia antena ya kisiwani kuchelewa kunaisha, lakini dunia ni mviringo. Antena ya mita 10, ndege ikiwa mita 10,000 juu, wanasikilizana hadi kilomita 420 hivi. Akiishusha hadi mita 100 ili rada ya adui isiione, mawasiliano yanakatika kwenye kilomita 54. Yaani kila anapoificha kwa adui, anaificha na kwake mwenyewe.

Mtaa wa Pili

Chaki, hiyo ndiyo hadithi yenyewe! Ikishuka chini ya upeo inaamua peke yake, yeye anabaki anatazama kioo cheusi dakika nane. Kumbe kile kioo cheusi kilikuwa na kazi, kilikosea mahali pa kukaa tu.

Na ikikataa kurudi? Desemba 2011 Iran ilionyesha kwenye televisheni droni ya Marekani ya RQ-170, ikionekana karibu nzima. Oktoba 2024 droni ya Urusi iitwayo Okhotnik ilipotea njia juu ya Ukraine, ikatunguliwa na ndege ya Warusi wenyewe, inaaminika ni ili isije ikaokotwa na adui. Mwanaidi anaweza kuamriwa hivyo kwa Kengewa aliyemlea tangu ukurasa wa kwanza.

Kiti cha Nyuma

Mkimuua Kengewa mimi sinunui.

Spana Namba Kumi

La mwisho kwangu ni uchafu. Ndege ya kazini haing'ai. Ina mikwaruzo kwenye kingo za milango, michirizi ya mafuta nyuma ya bawa, riboni nyekundu zilizoandikwa ONDOA KABLA YA KURUKA, na juu ya bawa maandishi ya USIKANYAGE HAPA yaliyofutika kwa sababu kila mtu anakanyaga. Paneli moja iwe na rangi tofauti kidogo, imetolewa kwenye ndege nyingine iliyokufa. Chora fundi akitafuta skrubu moja iliyoanguka huku wote wakingoja. Siku hiyo hairuki mtu mpaka ipatikane.

Penseli ya Msamvu

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nilichana kurasa sita.

Kengewa mpya ni huyu: tambarare kama samaki taa, urefu mita 9, hana mkia wala kioo. Injini inapumulia mgongoni na ina kifuniko. Makombora mawili tu, tumboni. Kasi chini kidogo ya sauti, saa sita angani. Habari ya kusimama angani nimeifuta, muujiza wangu nimeuweka kwenye akili ya kuamua yenyewe ikikatika mawasiliano. Inatoka kwenye kontena kwa reli na roketi, inarudi kwa mwavuli, na ukurasa wa 9 ni kusi, mabaharia watatu wanaivuta kwa kamba, mmoja ana kidole kimefungwa kitambaa. Riboni nyekundu zipo. USIKANYAGE HAPA ipo, na alama ya kandambili juu yake.

Mdogo wangu kaitazama kimya, akauliza, "Huyu wa kidole kafanyaje?" Hakuuliza ndege.

Picha imekubali kupanda leo, iko hapo chini.

Spana Namba Kumi

Safi sana. Nimeikuza nikatazama kila kona. Kibao cha mwisho wa bawa nimekiona, umekifungua upande sahihi.

Sasa niambie, inatoka kwenye reli na inarudi kwa mwavuli. Hayo magurudumu matatu ya nini?

Penseli ya Msamvu

Ngoja nitafute ufutio.