Acheni kuuza madesa ya GMAT ya mwaka 47: hesabu za mafumbo hazikaririwi

Mzani_Sawa:

Wakuu, leo nimekuja na hasira na simung'unyi maneno.

Nani kawaambia watu kwamba GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, unafauliwa kwa kununua lundo la madesa? Magrupu ya Telegram yamejaa "vifurushi vya GMAT": PDF juu ya PDF, kurasa za fomula, na ahadi ya kukufikisha 700. Fungua hilo dude, unapokelewa na pembetatu na duara. Jiometri imeshatolewa GMAT! Toleo la sasa lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Sehemu ya hesabu ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Yale maswali ya "taarifa hizi zinatosha au hazitoshi" yamehamia sehemu ya Data Insights (ya kuchambua data), ambako kikokotoo cha kwenye skrini kipo. Na alama sasa zinaanzia 205 hadi 805, zote zinaishia na 5. Anayekuahidi 700 anakuuzia alama ambayo haitolewi tena. Hapo tu ungeshamjua.

Ila desa la zamani ni kosa dogo. Kosa kubwa ni ile mbinu ya "maneno ya ufunguo": ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "pungufu" toa, ukiona "ya" zidisha. Watunga mtihani wanaijua mbinu hiyo kuliko nyie mnaoiuza, na mtego wanautega hapohapo.

"Bei baada ya punguzo la asilimia 25 ni shilingi 54,000. Bei ya awali ilikuwa ngapi?" Aliyekaririshwa anachukua 54,000, anaongeza robo yake, anapata 67,500, anaikuta imekaa kwenye majibu inamsubiri, anabofya huku anatabasamu. Kakosa. Ile asilimia 25 ilikatwa kwenye bei ya awali, siyo kwenye 54,000. Andika 0.75 × b = 54,000, b = 72,000. Fomula iko wapi hapo? Kuna swali moja tu la kujiuliza: asilimia ya nini?

Au hizi mbili: "A ni asilimia 150 ya B" na "A imeizidi B kwa asilimia 150". Ya kwanza ni A = 1.5B, ya pili ni A = 2.5B. Yapo madesa yanayozichukulia kama kitu kimoja!

Halafu mpangilio wa maneno. Kiingereza cha mtihani kikitaka x toa 5, mara nyingi kinaitaja 5 kwanza na x baadaye: "5 less than x". Anayeandika kwa kufuata maneno yalivyopangana anaandika 5 − x, kisha anashangaa idadi ya watu inatoka hasi.

Na herufi. "Wanafunzi ni mara 6 ya walimu." Wengi wanaandika 6f = l (f ni idadi ya wanafunzi, l ya walimu), kwa sababu kichwani wanasoma "wanafunzi sita, mwalimu mmoja". Herufi siyo kifupi cha jina la mtu, ni idadi. Weka walimu 10 na wanafunzi 60 uone: 6 × 60 haiwezi kuwa 10. Sahihi ni f = 6l, na kujaribu hivyo ni sekunde tano. Waswahili tuna balaa letu la ziada hapa: wanafunzi, walimu, wanaume, wanawake, watoto, wote W! Mtu anaandika w mbili kwenye mlinganyo mmoja na mstari wa tatu hajui ipi ni ipi. Ruka kiambishi, chukua herufi ya mzizi.

Fundisheni hili kwanza, ndipo muuze hizo fomula.

Bomba_Tatu:

Umewasahau wa wastani wa mwendo. Basi limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, limerudi njia ileile kwa 90. Wanajumlisha, wanagawa kwa mbili: 75. Jibu ni 72. Chukua umbali unaogawika kwa zote mbili, tuseme km 180: kwenda saa 3, kurudi saa 2, jumla km 360 kwa saa 5. Wastani unavutwa upande wa mwendo wa polepole kwa sababu huko ndiko basi lilikotumia muda mwingi. Ukilielewa hilo, unajua kabla ya kukokotoa kwamba jibu liko kati ya 60 na 75, na majibu kadhaa unayafuta palepale.

Na mabomba je? La kwanza linajaza tenki kwa saa 6, la pili kwa saa 4, la tatu linalimwaga lote kwa saa 12. Yote yamefunguliwa, tenki ni tupu. Litajaa baada ya saa ngapi? Desa limekukaririsha "zidisha, gawa kwa jumla", ambayo ni ya mabomba mawili yanayojaza. Likija la tatu linalomwaga, mtu anaganda. Lipe tenki ujazo wa lita 1,200, kwa sababu 6, 4 na 12 zote zinaugawa bila baki: 200 + 300 − 100 = lita 400 kwa saa. Saa 3. Hesabu za 1/6 na 1/4 hazipo, maumivu hayapo.

Hesabu_Kavu:

Mtoa mada, umesema kweli ila umezidisha chumvi. Fomula siyo adui. Dakika 45 kwa maswali 21 ni kama dakika 2 na sekunde 8 kwa swali. Anayejenga kila kitu kuanzia msingi ataishiwa muda, na maswali yaliyoachwa wazi mwishoni yanashusha alama vibaya. Waombaji 90, wanaojua Kifaransa 55, Kiarabu 42, wasiojua hata moja 10. Wanaojua zote mbili: 90 − 10 = 80, kisha 55 + 42 − 80 = 17. Sekunde 20, tunasonga.

Mzani_Sawa:

Na wakiuliza wanaojua lugha moja tu? Fomula yako imekupa 17, na hiyo 17 utaikuta kwenye majibu. Jibu ni (55 − 17) + (42 − 17) = 38 + 25 = 63. Kajedwali ka safu mbili kwa mbili kangekuonyesha visanduku vyote kwa mara moja. Sina ugomvi na fomula, nina ugomvi na mtu anayeikimbilia kabla ya kusoma sentensi ya mwisho ya swali.

Kuhusu muda uko sahihi, ila namna ya kuulinda ndiyo hawafundishi. 21 ni 7 mara 3. Ukimaliza swali la 7, saa ionyeshe dakika 30 zimebaki. La 14, dakika 15. Basi, mara mbili tu. Anayeitazama saa kila swali anapoteza muda huohuo anaoulinda. Swali likifika dakika 3 na mlinganyo bado huna, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Mwisho wa sehemu unaruhusiwa kurudi kubadili majibu, lakini matatu tu, kwa hiyo ukiwekea alama maswali kumi umejitafutia kazi ya bure.

Binti_Uwiano:

Tahadhari kwa wa GRE (mtihani mwingine wa kuombea uzamili): msisome uzi huu mkaitupa jiometri, kwenu bado ipo. GRE ilifupishwa Septemba 2023, yote sasa ni saa 1 na dakika 58. Hesabu ni maswali 27: 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Kikokotoo mnacho, na wengi kinawaponza, maana mtu anabofya tarakimu wakati swali lilitaka tu kujua kipi kikubwa.

Pia kuna maswali yasiyo na majibu ya kuchagua, unaandika namba mwenyewe. Mbinu ya kujaribu majibu kuanzia la katikati haina kazi hapo. Mfano: mchanganyiko wa lita 20 una asilimia 40 ya shira, uongeze maji lita ngapi ili shira iwe asilimia 25? Shira haibadiliki, ni lita 8. 8 ÷ 0.25 = 32. Mtu anaandika 32 anaondoka zake. Swali liliuliza maji yaliyoongezwa, 12! Na huko hakuna orodha ya majibu ya kukushtua.

Njiwa_Manga:

Sasa wakuu, mazoezi yaweje? Maswali 50 kwa siku yanatosha?

Mzani_Sawa:

Hamsini ya nini, mkuu? Hiyo ni kuhesabu mbegu bila kupanda. Chukua mafumbo 15 na usikokotoe hata moja. Kwa kila fumbo andika herufi inasimamia nini pamoja na kipimo chake (dakika au saa, shilingi au maelfu ya shilingi), andika mlinganyo, na kinachoulizwa kizungushie duara. Kagua milinganyo tu. Kukokotoa kesho yake.

Daftari la makosa nalo wengi wanalichezea. Wanaandika "uzembe" wanafunga. Uzembe siyo sababu. Andika kosa lenyewe: asilimia nimeipachika kwenye kitu kisicho chake, nimeleta x, wao waliuliza x + y. Baada ya wiki lirudie swali hilo kwenye karatasi tupu. Ukiweza kufuata maelezo ya jibu lakini mstari wa kwanza unakushinda, bado hujalijua.

Na mitihani miwili ya majaribio ya bure ya GMAC (wenye GMAT yao) msiichome wiki ya kwanza. Ugumu wake hupanda na kushuka kadiri unavyojibu. Ukiirudia huku maswali unayakumbuka, alama unazopata ni za kujipa moyo.

Bomba_Tatu:

Nimalizie na la Data Insights, maana huko ndiko madesa yanakoua. Kalamu shilingi 500, daftari 700, mtu katumia 4,100 kamili kwa vitu hivyo tu. Je, taarifa inatosha kujua alinunua madaftari mangapi? Desa linasema vitu viwili visivyojulikana kwa mlinganyo mmoja haitoshi. Uongo. Gawa bei zote kwa 100, k iwe idadi ya kalamu, d ya madaftari: 5k + 7d = 41. Jaribu d: 0 inabakiza 41, 1 inabakiza 34, 2 inabakiza 27, 3 inabakiza 20, 4 inabakiza 13, 5 inabakiza 6. Inayogawika kwa 5 ni 20 peke yake. Madaftari 3, kalamu 4. Inatosha, kwa kuwa hakuna duka linalouza nusu ya daftari.

Sasa weka 7,600 badala ya 4,100. Inakubali kalamu 11 na madaftari 3, inakubali pia kalamu 4 na madaftari 8. Haitoshi. Swali ni lilelile neno kwa neno, kilichobadilika ni jumla tu.