Mitungi ya kuzamia: chuma au alumini kwa Ziwa Nyasa?

Mwambao_Kyela
Wakuu habari. Tunataka kununua mitungi minne ya kuzamia Matema, upande wa miamba chini ya milima ya Livingstone. Kina cha kawaida ni mita 12 hadi 18, suti za milimita 3, kompresa (mashine ya kujaza hewa) iko Mbeya na inajaza presha ya bar 200 tu. Muuzaji ana chuma cha lita 12 cha bar 232 na alumini ya lita 11.1. Chuma ni ghali zaidi. Tuchukue ipi?

Fundi_Kompresa
Mkuu, hesabu ya hewa isikusumbue. Kwa bar 200 chuma kinakupa lita 2,400, alumini 2,220. Ukiacha bar 50 za akiba, na mtu akivuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye kina cha mita 15 presha inamfanya avute kama 50. Hapo alumini inampa dakika 33, chuma 36. Hizo bar 232 unazilipia bila kuzitumia.

Tofauti yenyewe iko kwenye uzito majini. Alumini ikijaa inazama kidogo, lakini hewa yake ina karibu kilo 2.7, kwa hiyo kuelekea mwisho mtungi unaanza kuelea na kukuvuta mgongo juu, tena pale unapotaka kutulia mita 5 kabla ya kutoka majini. Lazima ubebe risasi (vipande vizito vya mkandani) ya kufidia. Chuma kinazama hata kikiwa kitupu, unapunguza kama kilo 3 kwenye mkanda.

Ila Nyasa ni maji baridi yasiyo na chumvi, yanakubeba kidogo kuliko bahari, na suti yenu ni nyembamba. Mzamiaji mwembamba akivaa chuma anaweza kubaki bila risasi yoyote mkanda­ni. Jaketi la kuelea likipasuka, atadondosha nini ili apande juu? Mimi kwa hali yenu ningechukua alumini.

Mzee_wa_Valvu
Naunga mkono, kwa sababu nyingine: unyevu. Hewa inayojazwa huwa na maji. Kichujio kikichoka, au anayejaza asipofungua koki ya kumwaga maji kila dakika 10 hadi 15, maji yanaingia mtungini. Chuma kinashika kutu kwa ndani, na kutu hula oksijeni. Mtungi wa chuma uliokaa muda mrefu na hewa ile ile usiuvute, mwaga ujaze upya. Msiruhusu mtungi wowote uishe kabisa mkiwa majini, maji huingia kupitia valvu.

Mkinunua alumini iliyotumika, soma mtengenezaji na tarehe begani, kisha uthibitishe aloi (mchanganyiko wa metali), maana mara nyingi haiandikwi. Aloi 6351 achana nayo, hupata nyufa shingoni kwenye nyuzi za kufungia valvu. Tafuta 6061. Na iliyoungua au kupakwa rangi ya kuokwa kwenye tanuri, hata ing'ae vipi, msiguse. Joto hulegeza alumini.

Mwambao_Kyela
Shukrani. Valvu tunazo mbili za zamani, zinaweza kufungwa kwenye mitungi mipya?

Mzee_wa_Valvu
Msijaribu kwa macho! Valvu ya M25x2 (nyuzi za milimita 25) huingia kwenye shingo ya robo tatu ya inchi, inakaza mizunguko michache, unadhani imeshika. Ikifika presha inaruka kama risasi ya bunduki. Soma alama ya shingo na ya valvu, zifanane herufi kwa herufi.

Fundi_Kompresa
Nyongeza mbili. Kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 5, kukaguliwa ndani kila mwaka. Uliza tarehe iliyogongwa begani kabla ya kulipa. Na mkijaza haraka mtungi unapata moto, ukipoa mnakuta bar 180, jazeni polepole.

Mtungi si tatizo pekee: Matema iko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, barabara ya Tukuyu inapanda kupita mita 2,000 kabla ya Uyole, mlangoni mwa Mbeya, na kupanda juu mapema baada ya kuzamia huleta mapovu ya gesi mwilini. Mkizamia mchana msirudi Mbeya jioni ile ile. Laleni ziwani, subirini muda wa saa 12 baada ya mzamo mmoja, 18 mkiwa mmezamia mara kadhaa.