Nihamie Mac au nibaki Windows?

Wadau, laptop yangu ya Windows 10 imechoka na sapoti yenyewe ilishaisha Oktoba 2025, sasa nawaza nihamie Mac ila kazi zangu ni za uhasibu, mnanishaurije?

— Mkuu anza na programu zako, kama ya uhasibu ni ya Windows tu utalia, maana Mac za kuanzia chipu ya M1 ya 2020 hazina tena Boot Camp, ile njia ya kuweka Windows ndani ya Mac.

— Betri ya Mac inakaa, hapo sibishi. Ila RAM huongezi baadae, imegandishwa humo humo, na diski yako ya nje kama ni NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) Mac utaisoma tu, kuandika inagoma.

— Mbona hamumwambii ajaribu Linux kwanza, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows? Laptop yangu ilifufuka.

— Duh, hiyo ya NTFS sikuijua, ngoja nicheki.