Msaada wadau: nikijumlisha kolamu mbili SPSS yanirudishia nukta

Mtafiti_Tudor: Masalkheri wadau. Nina data ya wauza vyakula 86 wa barabarani, hapa Mombasa. Kolamu moja mauzo ya asubuhi, nyingine ya jioni. Nataka jumla ya siku. Kwenye SPSS, programu ya takwimu, nimeandika asubuhi + jioni, watu 31 wakatoka nukta tupu. Kazi naipeleka Jumatatu, usingizi sipati.

Fundi_Jedwali: Hiyo alama ya kujumlisha haina huruma. Upande mmoja ukiwa mtupu, jibu lote tupu. SUM(asubuhi, jioni) hujumlisha kilichopo, na zote mbili zikikosekana ndipo hutoa nukta. Ukitaka idai zote mbili ziwepo, andika SUM.2. Lakini tupu zako zina maana gani? Hakuuza, alikataa kusema, au hukumuuliza?

Baba_Mwanasha: Maprogramu siyajui. Nilipokuwa na duka Majengo, asiyelipa deni nilimwachia pengo kwenye daftari. Mke wangu akalisoma pengo "kalipa". Tulinuniana wiki nzima, na unga wangu sijaulipwa mpaka leo.

Mtafiti_Tudor: Ahsante Fundi. Tupu ni tupu tu, hawakujibu. Nishaweka 0 zote. Nataka tu kuhakikishiwa ni sawa.

Kitumbua_Moto: Kumbe umekuja kuombewa dua 😂

Fundi_Jedwali: Si sawa. Aliyekataa kusema, ukimpa 0 umeandika hakuuza hata andazi, na wastani unashuka. Asiyeuza kweli, 0 ni haki yake. Nukta zilikuwa kolamu ipi?

Mtafiti_Tudor: Asubuhi 24, jioni 7.

Bibi_Kibokoni: Mwanangu, hapo sikuelewi. Mimi nimeuza mbaazi na mahamri tangu mabinti zangu wadogo. Saa nne asubuhi sufuria ishakauka, narudi kulala. Jioni ni ya wenzetu wa viazi karai na mishkaki. Mapengo 24 ya asubuhi wayapata wapi mji huu? Ulitembea kweli, au data umeipikia chumbani?

Kitumbua_Moto: Utafiti wa kitandani! Na uzi wenyewe labda wa kubuni.

Pwani_Tulivu: Nilishuku tangu "usingizi sipati". Wote huanza hivyo. Admin, funga.

Mtafiti_Tudor: Wallahi sijabuni! Haya. Nilianza Shaabani, nikachelewa, nikamalizia ndani ya Ramadhani. Hao 24 ni wa Ramadhani, asubuhi hawafungui. Pendekezo langu lilisema siku za kawaida, na msimamizi hajui. Ndiyo maana nikaona 0 zitaficha.

Bibi_Kibokoni: Ehee! Sasa wasema. Asubuhi ya Ramadhani nani akununulie mahamri? Na zile saba za jioni?

Mtafiti_Tudor: Watano huuza asubuhi tu. Wawili walikataa, wakidhani natoka kaunti kuwatoza kodi.

Baba_Mwanasha: Mwambie msimamizi wako. Kijana akisema mapema, mzee husamehe.

Fundi_Jedwali: Basi ishirini na nne zile na watano hao wana 0 halali. Wawili wape -9 na uitangaze kuwa ni jibu linalokosekana, kisha SUM.2, ili wabaki nukta. Ukiwapa SUM ya kawaida watahesabiwa mauzo ya asubuhi pekee kana kwamba ndiyo siku nzima. Halafu ongeza kolamu ya ramadhani, 1 au 0, utoe wastani mbalimbali. Ukiichanganya hiyo miezi, wastani wako hautakuwa wa Shaabani wala wa Ramadhani. Faili ya mwanzo unayo?

Mtafiti_Tudor: Nimehifadhi juu yake. Fomu za karatasi ziko kwa khalati, Likoni. Lakini 0 zikibaki zote, kweli msimamizi atagundua?

Bibi_Kibokoni: Mimi nimegundua, na hiyo SPSS sijaiona sura.

Mtafiti_Tudor: Saa hizi feri zipo?

Kitumbua_Moto: Feri ya Likoni hailali. Mletee khalati mahamri.