Tupeane uzoefu: Maumivu sugu, mbona ya mke na mume hayafanani?

Wakuu, habari za jioni. Mimi na baba watoto sote tunaumwa mgongo, mwaka wa tatu huu. Wake wa kuvuta nyavu za dagaa, wangu wa kubeba magunia pale soko la samaki Mwaloni Kirumba, Mwanza. Yeye akimeza diklofenaki anaingia ziwani. Mimi usingizi unakatika saa nane usiku, nasahau hata nani ananidai, machozi karibu. Daktari mmoja kaniambia, "Mama, ni mawazo tu."

Nikaingia kusoma. Maumivu yakipita miezi 3 yanaitwa sugu, na hapo mishipa ya fahamu na ubongo wenyewe vinaweza kuwa vinayakuza. Kilichonikalisha kitako ni utafiti wa 2015 wa akina Jeffrey Mogil wa Canada. Walizuia seli za kinga za uti wa mgongo, maikroglia, kwa panya wenye maumivu. Madume wakapata nafuu. Majike wapi! Yao yalionekana kupitia seli nyingine za kinga, seli T. Na miaka yote majaribio mengi yalifanywa kwa panya dume tu. Panya si mtu, sawa, lakini nilimkumbuka yule daktari.

Nyie wenzangu vipi?

MamaGenge_Igoma: Mimi kipandauso. Siku mbili kabla ya hedhi, mwanga wa jua ukipiga bati tu nafunga genge. Kaka yangu anacho pia, ila chake kwa mwaka mara moja au mbili. Nesi kaniambia kinatupata wanawake mara 2 hadi 3 kuliko wao.

Boda_Buhongwa: Kiuno, tangu ajali ya 2021. Sisi hatulii dada, tunakuwa wakali. Wife ndiye aliyeshtuka kwamba nikiumwa nawafokea watoto. Kijiweni siwezi kusema, ukitaja kiuno tu wanakuletea mizizi 😂

Binti_Sengerema: Tumbo la hedhi. Miaka saba naambiwa "ukizaa litaisha". Nimezaa wawili. Juzi ndiyo wameona endometriosisi, yaani nyama kama ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake.

Mleta mada: Boda, hilo la ukali nimemsomea baba watoto. Kakoroga chai weee, halafu: "Kwani siku za mbalamwezi, tusipovua, nikikugeuzia mgongo unadhani huwa nimelala?"